Gego la Mwonjaji Chai

Asubuhi ya kwanza ambayo Fyuu hakuwepo, chumba cha kuonjea chai kilisikika kama nyumba iliyohamwa. Vikombe vyeupe vilipangwa mezani kama siku zote, nyuma ya kila kikombe kibakuli cha majani yaliyoloweka. Birika lilichemka, likazimwa. Waonjaji wawili vijana waliinama, wakachota kwa kijiko, wakavuta, wakatema kwenye ndoo ya magurudumu inayosukumwa kwa goti. Lakini mivuto yao ilikuwa midogo, ya adabu, kama ya watu wanaokunywa mchuzi ugenini. Upande wa pili wa ukuta, wapakizi wa ghala walisimama na magunia mabegani, wakatega sikio. Walikuwa wakisubiri kitu ambacho hawakuwahi kujua kwamba huwa wanakisubiri.

Kilichokosekana kilikuwa sauti moja tu. Fyuuu! Ndefu, kali, kama shuka jipya linalochanwa; halafu kimya cha kupepesa jicho; halafu chai inatua ndooni. Mwonjaji mkongwe wa chumba hicho alikuwa akiitoa sauti hiyo tangu ujana wake, mamia ya vikombe kwa siku, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likafifia, akabaki Fyuu. Mlinzi wa lango alimwita Fyuu. Bosi alimwita Mzee Fyuu. Wajukuu wake, ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani, walimwita Babu Fyuu na kumbembeleza aipige mezani, naye aliipiga, uji ukawarukia nguoni, bibi yao akagomba.

Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani mwonjaji ni mtu wa bahati anayelipwa kwa kunywa chai. Kumbe hanywi. Huchota kijiko kimoja, akakivuta kwa nguvu pamoja na hewa, ili chai ipasuke kuwa manyunyu, ienee ulimini, ipande nyuma ya koo hadi ndani ya pua. Huko ndiko chai inakosema ukweli wake: kama iliungua kwenye kikaushio, kama imelala na unyevu, kama gunia lake liliwekwa karibu na sabuni. Kisha huitema na kuiendea nyingine. Mvuto ukiwa dhaifu, chai hubaki mdomoni kama mgeni aliyenuna, haisemi kitu. Mvuto wa Fyuu haukuwa dhaifu. Huo ndio uliokuwa utajiri wake, na hakuwa na mwingine.

Nyumba nzima iliulinda utajiri huo. Jikoni kwao hakikupikwa kitunguu saumu, hakikukaangwa kitu kwa pilipili, tangawizi haikuvuka kizingiti. "Tumelishwa chakula cha wagonjwa miaka yote, na hakuna aliyelazwa," mkewe aliwaambia majirani, akicheka kicheko kilichochakaa. Fyuu hakujipaka mafuta yenye harufu. Na hakutumia dawa ya meno. Ubaridi wake, alisema, hukaa ulimini mpaka mchana na kuzifanya chai zote ziwe ndugu wa baba mmoja. Alfajiri alisugua meno kwa maji matupu, haraka haraka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye kiatu. Jioni alirudi amechoka mno kusugua chochote. Alilala hivyo hivyo, chai za watu zikiwa bado zimemganda kwenye fizi. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na desturi hiyo hiyo, akazikwa kibogoyo, na hakuna pale kiwandani aliyewahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Gego lililomponza lilikuwa la juu, upande wa kulia. Lilianza kwa kichomi kidogo kila kijiko cha moto kilipopita. Akahamishia chai upande wa kushoto. Kichomi kikawa maumivu, maumivu yakawa uvimbe, na siku moja aliingia chumbani akiwa na shavu kama aliyeficha embe.

Mwanamke aliyechemsha maji na kupanga vikombe, ambaye wote walimwita Mama Birika, alimtazama toka utosini hadi kidevuni.

"Kaka Fyuu, leo umeweka akiba ya chai shavuni?"

"Cheka tu, dada. Mungu anakuona."

"Ananiona, ndiyo, na mimi nakuona wewe. Nenda kwa daktari kabla shavu halijaanza kukutangulia mlangoni."

Alikwenda. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye mikono midogo na sauti ya mwalimu wa watoto. Alimchoma ganzi, akalishughulikia gego kwa muda mrefu, akijinong'onea kama mtu anayebembeleza mbuzi atoke kichakani. Lilipotoka, lilikuwa limeoza hadi ndani. Mizizi yake, alimwonyesha, ilikuwa mirefu kuliko kawaida. Ilikuwa imepanda karibu kabisa na uwazi uliomo ndani ya mfupa wa shavu, ule unaopakana na pua.

"Sasa nisikilize, baba. Ng'ata shashi hii mpaka damu ikome. Leo usisukutue kabisa. Kuanzia kesho, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, polepole, na usiyateme kwa nguvu. Inamisha kichwa, fungua mdomo, yadondoke yenyewe. Usinywe kwa mrija. Usivute sigara. Usipige mluzi, usipenge kamasi. Damu itaganda pale shimoni, na bonge hilo ndilo bandeji yako. Ukilinyonya likatoka, tumeumia sote wawili. Unafanya kazi gani?"

"Kiwandani," Fyuu akajibu kwa mdomo uliokufa nusu.

"Cha nini?"

"Chai."

"Basi chai ya moto iache kwanza."

Aliitikia kwa kichwa. Na hakuna mgonjwa aliyekuwa mtiifu kama yeye. Alikunywa uji uliopoa. Alitafuna upande mmoja. Maji ya chumvi aliyaacha yadondoke kwenye beseni, mkewe akimshikia kichwa kama mtoto anayetapika. Pua ilipomwasha aliifuta tu kwa kitambaa, akavumilia. Kiwanda kilipofunguliwa baada ya sikukuu, maumivu yalikuwa yametulia na uvimbe umeshuka, akarudi kazini, maana msimu ulikuwa umefika kilele na sampuli zilikuwa zimejaa hadi madirishani. Hata pale alikumbuka masharti. Alingoja chai ipoe. Alielekeza kijiko kushoto.

Halafu akavuta.

Mtu atauliza, ilikuwaje? Daktari alikataza mrija, alikataza mluzi, alikataza kila kinachofanana na mvuto, ila mvuto wenyewe. Wala haikuwa ukaidi. Mrija ni kitu unachokishika, sigara ni kitu unachokiwasha. Lakini Fyuu hakuwahi, hata siku moja, kuhisi kwamba anavuta chai. Kwake ilikuwa kama kupumua, na daktari gani anamkataza mtu kupumua?

Kwa asubuhi kadhaa hakuna kilichotokea, ila ladha ya chuma iliyokuja na kuondoka. Kisha, kwenye meza ya pili, akiwa ameinama, alihisi kitu kama uzi ukikatika juu ya shavu. Chai ikamtoka puani. Ilitiririka kimya kimya kutoka tundu la kulia, ikapita mdomoni, ikadondokea kikombe alichokuwa ametoka kukionja.

"Hee!" Mama Birika akasema. "Siku hizi birika lina midomo miwili?"

Vijana wakacheka. Fyuu pia alicheka kidogo, akajipangusa, akachota tena. Safari hii hakuna kilichopasuka. Mvuto ulitoa mlio wa kupwaya, kama mtu anayenyonya filimbi iliyotoboka, na kifua chake kilichojaa nguvu hakikupata cha kushika. Akajaribu tena. Hewa ilikuwa ikipita mahali pengine. Alisimama na kijiko mkononi, akiwatazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

Mama Birika aliweka birika chini.

"Kaka," akasema, bila utani sasa, "hebu kaa."

Kesho yake ndipo chumba kilipokuwa kama nyumba iliyohamwa.

Asubuhi hiyo Fyuu alikuwa amerudi kwa daktari, naye alimwambia azibe pua kwa vidole, aache mdomo wazi, apulize kwa upole kana kwamba anapenga. Kwenye shimo la gego povu likachemka, hewa ikazomea.

"Ulipiga mluzi?"

"Hapana."

"Sigara?"

"Sijawahi."

"Mrija?"

"Hata kidogo, daktari."

"Sasa, baba yangu, huko kiwandani unafanya nini hasa?"

Akamweleza. Maneno hayakumtosha; akainua mkono kana kwamba ameshika kijiko, akakusanya midomo, akajaza kifua.

"Usinionyeshe!" Daktari aliruka kama aliyekanyaga nyoka. "Nimeelewa. Tafadhali usinionyeshe."

Walicheka wote wawili, Fyuu akiwa ameshika shavu. 

"Ungeniambia siku ile."

"Niliona haya kusema nalipwa kwa kufyonza."

Daktari akashusha pumzi. Alimweleza kwamba pale palipokuwa na utando mwembamba kati ya mdomo na uwazi wa shavu sasa pana tundu, na tundu hilo halitajiziba lenyewe. Angeifungua fizi, aivute, alifunike tundu kama mfuko unavyofunikwa na kifuniko chake, aishone. Baada ya hapo hakuna kufyonza, hakuna kupenga, na chafya ikija aipige mdomo ukiwa wazi, hata kama yuko msibani. Alale kichwa kikiwa juu. Nyuzi asizichokonoe kwa ulimi.

"Na ikichanika tena?"

"Fizi si kitambaa cha dukani, baba, kwamba nitakata kingine. Mara ya pili inakuwa ngumu, ya tatu sijui. Ikichanika hutavuta chai tena, na maji utakayokunywa yatakutokea puani maisha yako yote." Akaelekeza taa kwenye kinywa. "Kisha tuongee kuhusu haya yaliyobaki. Mawili yameanza kufuata njia ya mwenzao. Yanataka kuzibwa, na yanataka dawa ya meno, kila usiku bila kukosa."

"Daktari, ule ubaridi..."

"Zipo zisizo na ubaridi. Za watoto. Zina ladha ya ndizi."

"Ndizi ndiyo mbaya kabisa!"

"Basi jua unachokichagua. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi ninayaweka hayo ya pembe, na ninakwambia walisema kweli."

Alishonwa. Siku za nyumbani zikaanza, nazo zilikuwa ndefu kuliko siku za kazi. Fyuu alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebuleni, mto nyuma ya shingo, akisikiliza mtaa ukiamka, ukipika, ukigombana, ukilala. Hakuwa amewahi kusikia nyumba yake mchana. Alipiga chafya kama kiboko, mdomo wazi kabisa, wajukuu wakashangilia na kuomba arudie. Jioni alisugua meno kwa mswaki laini, akilizunguka jeraha kama mtu anayefagia pembeni ya mtu aliyelala, na ile dawa ya ndizi ikampa kichefuchefu. Alitema bila kutema: alifungua mdomo, akaacha povu lianguke.

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika nyumba ya wageni. Jioni moja alirudi na miguu iliyovimba, akavua viatu mlangoni, akamkuta Fyuu amejilaza, akakaa kitandani pembeni yake bila kuwasha taa, ingawa giza lilikuwa limeanza kuingia. Harufu ya shuka zilizopigwa pasi ilikuwa imemkaa mikononi.

"Mama watoto," Fyuu akasema, "bosi akimweka mwingine?"

"Amweke."

"Unasema hivyo kirahisi."

"Sisemi kirahisi. Nasema nikiwa nimechoka, basi inasikika rahisi." Alijinyoosha, mifupa ikalia. "Nikuulize kitu, mume wangu. Tangu umenioa nakusikia ukirudi: hii imeungua, hii imechacha, hii imelala, hii inanuka gunia. Katika chai zote hizo, ipo hata moja uliyoipenda?"

 Fyuu alirudi nyuma kwenye kumbukumbu zake, meza baada ya meza, msimu baada ya msimu, akitafuta. Aliikumbuka chai iliyonuka mafuta ya taa. Aliikumbuka iliyokuwa na ladha ya moshi, na mabishano yaliyofuata. Aliikumbuka ya mwaka wa mvua nyingi, nyepesi kama machozi. Kila aliyoikumbuka ilikuwa na kasoro, kwa sababu kasoro ndiyo aliyoajiriwa kuitafuta. Zisizo na kasoro alizitema tu, akapita.

Alipogeuka kumjibu, mkewe alikuwa ameshalala, na khanga yake haijafunguliwa.

Bosi alikuja siku ya mapumziko, na mfuko wa machungwa ambayo Fyuu hakuruhusiwa kuyala. Alikuwa mtu wa heshima; aliulizia jeraha, akawaulizia wajukuu, akasifu mapazia. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee Fyuu, sitakuficha. Vijana wanajitahidi, lakini wanunuzi wanauliza, yule wenu yuko wapi? Njoo asubuhi moja tu. Meza moja."

"Bado nina nyuzi, bosi."

"Upande mmoja tu, polepole."

"Polepole haipo. Wewe unajua."

Bosi alitazama machungwa yake. "Na mimi siwezi kuacha kiti kitupu msimu wote. Usinielewe vibaya. Si mimi, ni kazi."

Hapo Fyuu alihisi kifua kikijaa chenyewe, kama farasi wa zamani aliyesikia ngoma. Kiti kile kilikuwa chake. Alikikuta kina mtu mwingine, naye alikingoja miaka hadi mtu huyo akazeeka. Akiamka kesho, akivaa aproni, akivuta mara moja tu kama zamani, angekirudisha. Na akichanika angekuwa mwonjaji anayetokwa na chai puani mbele ya wageni. Aliweka ulimi nyuma ya meno ya mbele, mbali na nyuzi, akaushikilia pale.

"Nitakuja daktari akinifungulia," akasema. "Kabla ya hapo siji."

Hakuwa amewahi kumwambia bosi neno kama hilo. Baada ya mgeni kuondoka, alisimama ghafla, mfuko ukamponyoka, machungwa yakabingirika chini ya kochi, na hakuinama kuyaokota.

Nyuzi zilitolewa. Daktari akamjaribu tena kwa kuziba pua. Povu halikuonekana, hewa haikuzomea. Fizi ilikuwa imeshika. "Kuonja unaweza," akasema, "kwa kijiko, taratibu, kama mtu wa kawaida. Ule mvuto wako mfupa wenyewe haujawa tayari kuubeba. Na ukitaka kauli yangu ya mwisho, baba, usiurudie tena kamwe. Ni wewe na mdomo wako."

Alirudi kiwandani. Habari zilimtangulia, wapakizi waliacha magunia, wakasimama karibu na ukuta. Vijana wawili wakampisha. Bosi alisimama dirishani, mikono nyuma. Mama Birika alimwaga maji, akasubiri majani yaive, akachuja, akapanga vikombe mbele yake kimoja kimoja bila kugonganisha hata kimoja.

"Karibu nyumbani, kaka," akasema. "Leo tumekuandalia na leso ya pua, kwa usalama."

"Ahsante, dada. Ukarimu wako utaniua."

Alichota. Akavuta kidogo, kwa adabu, kama vijana. Chai ikakaa mdomoni kama maji ya kuoshea kijiko. Haikupasuka, haikupanda, haikumwambia lolote. Alijua kilichokosekana, na alijua mahali kilipo: kifuani, tayari, kimejikunja. Pumzi moja tu. Aligusa kovu kwa ncha ya ulimi. Lilikuwa laini, linateleza, kama fizi ya mtoto mchanga kabla hajaota jino. Katika kinywa kile kilichochoshwa na vitu vya watu, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kipya.

Ndoo ilikuwa gotini mwake. Hakutema. Aliimeza ile chai, akahisi ikishuka, ya uvuguvugu, hadi tumboni.

Chumba kizima kikamtazama. Mwonjaji kumeza ni kama hakimu kumkumbatia mshtakiwa.

"Vipi, mzee?" bosi akauliza. "Ikoje?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Jaribu tena. Vuta."

"Bosi, nimechoka." Aliliweka neno hilo mezani polepole, kama mtu anayetua mzigo ambao mwenziwe hakuona kwamba ameubeba. "Nikivuta nitachanika, nisipovuta sijui kitu. Mpe kijana kiti. Mimi nitafutie kazi nyingine, yoyote, isiyopita mdomoni."

Bosi akaitikia kwa kichwa.  Mama Birika alichukua kile kikombe, akakitazama kilivyopungua. Fyuu alifungua aproni, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza pembeni ya vikombe ambavyo bado vilikuwa vikitoa mvuke.

Sasa yuko kwenye banda la kupokelea majani mabichi, nyuma ya kiwanda, zamu ya asubuhi, anachambua kwa mikono majani yaliyokomaa kupita kiasi. Meno yale mawili yamezibwa, na mwezi ujao anarudi kwa daktari kukaguliwa kovu.